Ua moja nishibe?
Nimesoma makala kuhusu maua yanayoliwa; mwandishi wake anasema Waitalia hujaza jibini ndani ya maua ya maboga, wakayachovya kwenye unga uliokorogwa na kuyakaanga, eti nasi tujaribu. Ndugu yangu, hapa Buguruni ukinunua fungu la majani ya maboga, maua mawili matatu yamo humohumo. Unamenya nyuzi, unakatakata, unatia tui la nazi, ugali unashuka wenyewe. Hilo sina ugomvi nalo. Ila ua moja peke yake katikati ya sahani kubwa, jamani, nishibe nini? Mke wangu kanizima hapa: "Kwani karafuu ya kwenye pilau si ua lililoanikwa kabla halijachanua?" Sawa, lakini karafuu huwa naiweka pembeni ya sahani, siitafuni.