Saa 60 zinatosha kufika leveli ya mwisho

Mchezo wa mtandaoni wa kujenga mhusika unaomdai mtu wa kawaida saa 200 kabla hajafika leveli ya mwisho unamla muda bure. Ule unaomfikisha kwa saa 10 nao unampeleka vitani hajui hata ngao inashikwaje. Kipimo changu ni saa 60 za kucheza, na nimekipata kwa njia mbili zisizohusiana: kalenda ya shule za Uganda, na idadi ya vitu ambavyo mchezaji lazima ajifunze.

Tuanze na kalenda. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu. Muhula una wiki 12 hivi, na kwa muda wote huo mhusika wa mwanafunzi amelala kwenye seva. Likizo za katikati ya mwaka ni fupi. Kubwa ni ile inayoanza Desemba na kufika mwisho wa Januari, kama wiki 8. Wala likizo si kucheza kutwa. Kuna shamba, kuna duka la mama, kuna simu moja inayozunguka kati ya ndugu watatu, na kuna umeme unaokatika saa moja jioni, pale pale kila mtu alipojiandaa. Saa moja na nusu kwa siku, siku 5 kwa wiki, ndicho kipimo cha haki. Hiyo ni saa 7 na nusu kwa wiki. Kwa wiki 8, saa 60. Mfanyakazi wa duka pale Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, anayecheza baada ya chakula cha usiku naye haendi mbali na hapo. Wanaoweza kuzidi ni waliomaliza S6 (kidato cha sita), wanaosubiri chuo miezi na miezi, na kwa bahati mbaya hao ndio wenye muda wa kulalamika kwamba mchezo umelegezwa mno.

Sasa weka kipimo hicho mbele ya michezo yenyewe. World of Warcraft ilipotoka Novemba 2004, kilele kilikuwa leveli ya 60, na toleo la Classic lililozinduliwa Agosti 2019 lilirudisha mwendo ule wa zamani. Mtu asiyefuata mwongozo neno kwa neno hutumia saa 200 hivi, pengine zaidi. Kwa mwanafunzi wa bweni anayetegemea Desemba peke yake, hizo ni likizo tatu na theluthi: anaanza akiwa amemaliza S1, anafika kileleni akiwa amemaliza S4. Mtu wa kwanza duniani kufika 60 kwenye Classic alitumia siku tatu na saa chache, akisaidiwa na wenzake wa chama, yaani kundi la wachezaji wanaocheza pamoja. Hiyo ni riadha. Joshua Cheptegei alimaliza mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 mwaka 2020, na hakuna mwalimu wa Kapchorwa aliyetumia muda huo kuamua nani amechelewa shule.

Watengenezaji wanajua kwamba watu hawana muda sawa, ndiyo maana wakabuni pumziko. Ukitoka mchezoni ukiwa ndani ya nyumba ya wageni, mhusika wako anajijazia akiba, na ukirudi kila zimwi unaloua linakupa pointi za kupandia leveli maradufu hadi akiba iishe. Mwanzoni kabisa, kwenye majaribio ya World of Warcraft, jambo hili liliwekwa kama adhabu: ukicheza sana, pointi zinapungua nusu. Watu waliudhika. Wakabadilisha jina, ile ya kawaida ikaitwa nyongeza na ile ya adhabu ikaitwa kawaida, na kelele zikaisha. Hesabu haikubadilika.

Ila pumziko lenyewe lina dari, na hapo ndipo mtoto wa bweni anapodhulumiwa. Katika Classic, saa 8 ndani ya nyumba ya wageni zinakupa akiba ya asilimia 5 ya leveli moja, na akiba hujaa ikifika leveli moja na nusu. Yaani siku 10 tu. Mwanafunzi anakaa siku 84. Siku 74 za mwisho hazimpi chochote. Ukitoka mchezoni ukiwa porini ni balaa zaidi, kwa sababu akiba inajazwa polepole mara nne: saa 32 kwa kila asilimia 5. Kwa hiyo kabla ya kufunga mchezo mwishoni mwa likizo, tembea hadi mjini, ingia ndani ya jengo, hakikisha alama ya kupumzika imetokea kwenye picha ya mhusika, ndipo utoke. Dari hilo lingeinuliwa hadi siku 90 mchezo usingeharibika hata kidogo, maana aliye nyuma hamtishi mtu.

EVE Online, mchezo wa vyombo vya anga wa mwaka 2003, ilichukua njia nyingine: ujuzi unaendelea kujifunza wenyewe kwa saa za ukutani, umeme uwepo usiwepo. Wengi huona hapo dhuluma, kwamba aliyeanza miaka 10 kabla yako hutamfikia kamwe. Lakini kila ujuzi mmoja mmoja unaishia leveli ya 5. Mgeni akichagua aina moja ya chombo na kuukamilisha ujuzi wake, ndani ya chombo hicho analingana na mkongwe. Mkongwe anamzidi kwa idadi ya vyombo anavyoweza kurusha, na hawezi kurusha viwili kwa pamoja. Ni mpango mzuri kuliko unavyosemwa.

Njia ya pili ya kufika 60 ni kuuliza leveli zipo kwa kazi gani. Kazi yake ni kufundisha. Mhusika wa kawaida ana mbinu kama 25 zinazotumika kweli. Kila moja inataka kama saa moja na nusu ya mazoezi kabla vidole havijaizoea: lini itumike, inagharimu nini, inakaa muda gani kabla ya kurudi. Hizo ni saa 37 na nusu. Ongeza mapango 12 ya kikosi kwa dakika 45 kila moja, saa 9, ambako mtu anajifunza kwamba mbeba ngao ndiye anayetangulia, kwamba mponyaji anahitaji kusubiriwa anywe maji, na kwamba zimwi lililolala halipigwi. Zinabaki saa 13 na ushei za barabara, soko, ufundi na kupotea njia. Jumla ni 60, na sikuilazimisha.

Ukipunguza hapo, somo linakosekana. Mwaka 2014 World of Warcraft ilianza kuuza mruko wa moja kwa moja hadi leveli ya 90 kwa dola 60. Anayeruka anafika na vitufe 30 kwenye skrini ambavyo hajawahi kuvibonyeza, anaingizwa pangoni na watu wanne asiowajua, na dakika ya tatu wote wamekufa. Anatukanwa, anaondoka, harudi. Michezo ya simu yenye kitufe cha kucheza yenyewe ina ugonjwa uleule kwa bei nafuu. Simu inaachwa kwenye chaja usiku kucha, betri inachemka, bando linaisha, na asubuhi mhusika amepanda leveli 6 huku mwenye simu hajui hata mmoja wa maadui aliowaua.

Kasi kubwa ina hasara nyingine isiyoonekana haraka: maeneo ya chini yanabaki mahame. Misheni ya leveli ya 20 inayotaka watu watano inabaki bila mtu wa kuifanya. Final Fantasy XIV na Guild Wars 2 zinaliponya hilo kwa kumshusha mkongwe hadi nguvu ya eneo alilomo na bado kumpa malipo yanayomfaa. Guild Wars 2 imefanya zaidi: tangu 2012 kilele ni 80, na matoleo ya nyongeza hayajakiinua. Aliyepumzika miaka miwili anarudi akiwa bado kileleni. Mchezo uliotangulia, Guild Wars ya 2005, ulikuwa na leveli 20 tu, na watu waliucheza miaka mingi kwa sababu vita vya maana vilianza baada ya hapo.

Kwa upande wa polepole, adui mkubwa ni umbo la ngazi yenyewe. Tazama Old School RuneScape. Kutoka leveli ya 1 kwenda ya 2 unahitaji pointi 83. Kufika 99, kilele cha ujuzi mmoja, unahitaji 13,034,431. Kila leveli inadai kama asilimia 10 zaidi ya iliyotangulia, kwa hiyo deni linakuwa maradufu kila baada ya leveli 7 hivi. Ndiyo maana ukifika 92 umevuka nusu ya safari, si zaidi: nusu nyingine yote imejificha ndani ya leveli 7 za mwisho. Kwa mwendo wa pointi 50,000 kwa saa, 99 moja ni saa 260. Nauheshimu mchezo huu kwa sababu haumlazimishi mtu kufika huko; vitu vingi vizuri vinafunguka kati ya 40 na 75. Kwa hiyo ninaposema saa 60 sihesabu 99 ya RuneScape. Hiyo ni nishani, na nishani iwe ngumu.

Nisichokiheshimu ni ngazi iliyopandishwa ili kuuza. Kuitambua hakuhitaji ujanja. Andika pointi ulizo nazo, cheza dakika 30 kwa mwendo wako wa kawaida, andika tena. Tofauti izidishe kwa mbili. Hiyo ndiyo kasi yako kwa saa. Kisha gawa pointi zinazotakiwa kwa kasi hiyo. Tuseme unahitaji 120,000 na dakika 30 zimekupa 9,000: kasi ni 18,000, leveli hiyo ni saa 6 na dakika 40, karibu wiki nzima kwa mtu wa saa 7 na nusu. Sasa tazama mbele. Ikiwa kila leveli inaongezeka asilimia 10 na kasi yako haipandi, leveli 10 kuanzia hiyo zinadai pointi zaidi kidogo ya 1,900,000, yaani saa 106, wiki 14. Muhula mzima na zaidi. Mchezo wa haki unakuongezea kasi kadiri unavyopanda, kwa misheni nene na mazimwi yenye thamani. Mchezo wa kuuza unaacha kasi ilale, misheni kuu inakatika ghafla ikikudai leveli ya 38 nawe uko 33, na dakika hiyohiyo kunachomoza tangazo la kitabu cha pointi maradufu kwa punguzo. Ukiona vitatu hivyo pamoja, futa. Kuendelea ni kutwanga maji kwenye kinu, na maji yenyewe unayanunua kwa bando.

Zawadi za kuingia kila siku ziko kwenye kapu hilohilo. Mnyororo wa siku 28 unaokatika ukikosa siku moja ulibuniwa na mtu ambaye hajawahi kukaa gizani. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mnyororo wowote wa namna hiyo ulikatika kwa kila mchezaji wa Uganda kwa pamoja. Zawadi zihesabiwe kwa siku ulizoingia, hata zikitawanyika mwaka mzima.

Kuna wanaosema safari ndiyo mchezo wenyewe, na kwamba kileleni hakuna ila kazi ya kurudiarudia. Wana haki pale safari inapokuwa nzuri: hadithi ya Final Fantasy XIV ni ndefu mno na wengi hawataki ifupishwe. Lakini hiyo ni hoja ya hadithi, si ya leveli. Mwenye kutaka kwenda taratibu asizuiwe. Wapo wanaofunga kabisa pointi zao ili wakae leveli moja. Anayeumia ni yule aliyeachwa nyuma na marafiki watano, na kwake dawa ninayoipenda ni ya Diablo Immortal ya 2022, pamoja na dhambi zake nyingi za kuuza. Seva ina leveli yake inayopanda siku kwa siku. Aliye chini yake anapata pointi zaidi, aliye juu yake anapungukiwa. Kundi linabaki karibu bila mtu kubebwa mgongoni.

Palipo na mchezo usio na dawa hiyo, chama kinaweza kujitengenezea. Wiki ya kwanza ya Desemba, wanapotoka bweni, mkongwe mmoja aanzishe mhusika mpya pamoja nao badala ya kuwavuta na yule mkubwa. Anayevutwa pangoni na mtu wa leveli ya 60 husimama mlangoni akiokota vitu, na katika michezo mingi pointi zake hupunguzwa kwa sababu ya pengo la leveli. Mtoeni pale, mkampe mfuko wenye nafasi nyingi, dhahabu ya kununulia mbinu zake, na silaha ya leveli yake. Halafu mpange siku tatu maalumu za pango kwa wiki, saa tatu usiku, umeme ukiwa umerudi, na mkubaliane mapema nani atabeba ngao, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi ambayo hakuna anayeitaka.