Ganzi ya mkono: kipimo cha umeme kinastahili lini nauli ya kutoka Lamu?

Mshona kofia anayeamka saa nane za usiku akikung'uta mkono, ganzi imekaa kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, na anayepata nafuu akiuning'iniza nje ya kitanda, ameshaeleza sehemu kubwa ya ugonjwa wake kabla hajaguswa. Neva ya mediani inabanwa kwenye kifundo cha mkono, mle inamopita pamoja na kano tisa chini ya ukanda mgumu usionyumbuka. Madaktari hawabishani hapo. Wanabishana juu ya hatua inayofuata: je, apelekwe akapimwe neva kwa umeme, ama atibiwe kwa maelezo yake na mkono wa tabibu tu? Kwa mtu wa Amu, yaani mji wa Lamu, swali hili lina bei. Ni boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Malindi, malazi Mombasa, na siku mbili tatu kofia imelala bila kuguswa sindano.

Kwanza kuna tatizo la lugha, maana kwetu pwani "mshipa" ni kila kitu. Ni neva, ni kano, ni mrija wa damu, na kwa wengine ni ngiri pia. Mgonjwa akisema mshipa wake umelala, muulize ni ganzi, ni maumivu, ama ni kukosa nguvu. Mambo hayo matatu yanaelekea njia tatu tofauti, na mashine haitayatenganisha ikiwa barua ya rufaa imeandikwa "matatizo ya mishipa" basi.

Kinachoitwa kipimo cha neva kwa kweli ni vipimo viwili. Cha kwanza ni cha mwendo. Elektrodi moja, yaani kibandiko kinachopokea umeme wa mwili, hubandikwa juu ya nyama iliyotuna chini ya gumba, ya pili kwenye kiungo cha gumba, na ya ardhi mgongoni mwa kiganja. Mpimaji hushika utepe, hupima sentimita 8 kurudi kwenye kifundo, hutia alama kwa kalamu, kisha hupiga umeme wa muda wa milisekunde 0.2 hapo penye alama. Huongeza nguvu kidogo kidogo mpaka wimbi kwenye skrini likatae kukua, halafu huongeza asilimia 20 hivi juu yake ili awe na hakika kwamba nyuzi zote zimeamka. Tangu mpigo hadi wimbi kuanza, maabara nyingi hukubali hadi milisekunde 4.4 kwa mkono usio na ugonjwa, ingawa kila maabara ina kikomo chake. Kisha hupiga tena kwenye kiwiko, hugawanya umbali kwa tofauti ya muda, na kupata mwendo ambao kwa mkono wa mtu mzima mwenye afya huwa mita 50 kwa sekunde au zaidi kidogo.

Kipimo cha pili ni cha sindano nyembamba inayoingia kwenye msuli wenyewe. Msuli mzima ukitulia, spika hunyamaza. Msuli uliokatikiwa na neva yake hutatarika kama mvua nyepesi juu ya mabati hata mgonjwa asipotikisa kidole.

Wanaosema safari haina haja wana hoja nzito. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa upasuaji wa mifupa cha Marekani kilitoa mwongozo unaokubali jedwali la alama sita litumike kutambua ugonjwa huu badala ya kupima kila mtu kwa umeme au ultrasaundi. Alama zenyewe ni hizi: ganzi katika eneo la mediani 3.5, ganzi ya usiku 4, nyama ya gumba kukonda au kulegea 5, kukunja kifundo kwa dakika moja mpaka ganzi ije 5, kushindwa kutambua ncha mbili zilizoachana milimita 5 kwenye kidole 4.5, na kugonga juu ya neva kukazua mtekenyo wa umeme vidoleni 4. Jumla ni 26. Aliyefikisha 12 ana uwezekano wa asilimia 80 kuwa na ugonjwa. Mshona kofia wetu ana 3.5 na 4. Akikunja kifundo ganzi ikaja, anafika 12.5, na yote hayo yamefanyika kwenye kiti cha zahanati kwa dakika tano. Tahadhari yangu ni moja: kipimo cha ncha mbili kwa mtu ambaye ncha za vidole vyake zimeota sugu kwa sindano hakiaminiki sana. Afadhali umnyime zile 4.5 kuliko kumpa bure.

Isitoshe, mashine huona magonjwa yasiyosumbua mtu. Uchunguzi uliofanywa kusini mwa Uswidi na kuchapishwa mwaka 1999 uliwapima pia watu wasio na dalili yoyote, na asilimia 18 kati yao walikutwa na neva ya mediani iliyochelewa. Ukimpima kila mkata makuti na kila mvuvi anayevuta jarife, utavuna majibu mabovu kwa mikono isiyouma. Na upande wa pili, tathmini za wataalamu wenyewe wa fani hii zinakadiria kwamba kipimo cha mwendo hukamata kati ya asilimia 56 na 85 ya wenye ugonjwa. Jibu safi halimfukuzi mgonjwa.

Lakini jedwali lile hujibu swali moja tu, yaani ni mediani kifundoni au sivyo. Wanaotetea kipimo huuliza maswali mengine, na kwa Lamu maswali hayo yana sura. Chukua mchonga milango. Mpini wa patasi hukandamiza chini ya kiganja upande wa kidole cha mwisho, siku nzima, kila pigo la nyundo. Panapobanwa hapo ni tawi la ndani la neva ya alna, ile inayopita nyuma ya kiwiko kwenda kidole cha mwisho, na tawi hilo halibebi hisia. Basi anakuja hana ganzi hata chembe. Ana nyama iliyobonyea kati ya gumba na shahada, na ukimpa karatasi aibane kwa gumba na shahada huku ukiivuta, gumba linajikunja kiungoni kusaidia. Jedwali la mediani litampa sifuri au karibu yake. Kipimo cha umeme humaliza utata: wimbi la hisia la kidole cha mwisho ni zima, wimbi la msuli wa kidole hicho huenda likawa zima, na la msuli ulio kati ya gumba na shahada limechelewa na kupungua. Hapo unajua ni kiganjani, si kiwikoni wala shingoni, na dawa ya kwanza ni kubadilisha mpini.

Shingo nayo ni mtego. Neva ikibanwa inapotoka kwenye uti wa mgongo huleta ganzi ya gumba inayofanana sana na ya kifundo. Hata hivyo seli za hisia zimekaa nje ya pale panapobanwa, kwa hiyo waya wa kwenda kidoleni unabaki hai na wimbi la hisia linakuwa zima ingawa mgonjwa hahisi. Mwenye ganzi na wimbi zima, tazama shingo.

Na kuna jambo ambalo mimi silikubalii mjadala: mkono unaokonda bila ganzi wala maumivu usipasuliwe kabla ya kipimo cha sindano. Ugonjwa wa seli za neva za misuli unaweza kuanzia mkono mmoja, na kumpasua mgonjwa huyo kifundo ni kumtoza pesa na kumpotezea miezi.

Hoja inayosemwa kidogo kuliko zote ni kwamba kipimo kibaya kina madhara kuliko kutopima. Baridi ndiyo mwizi mkuu. Neva ikipoa kwa digrii moja, mwendo hushuka kwa mita 1.5 hadi 2.5 kwa sekunde, na muda wa kifundoni hurefuka kwa milisekunde 0.2 hivi. Utadhani baridi haituhusu sisi wa pwani. Inatuhusu: mgonjwa ametoka kwenye basi lenye kiyoyozi, ameingia chumba chenye kiyoyozi, mkono umefika digrii 28 wakati unatakiwa usipungue 32. Digrii nne ni milisekunde 0.8, zinazotosha kumgeuza mzima kuwa mgonjwa kwenye karatasi. Kuusugua mkono hakutoshi. Uwekwe kwenye maji ya vuguvugu dakika kadhaa, ukaushwe, upimwe joto tena. Ripoti isiyotaja joto la ngozi ni ripoti ya kuulizwa.

Ndiyo maana wapimaji wazuri hupenda kidole cha pete. Kinahudumiwa na neva mbili, mediani upande wa kidole cha kati na alna upande wa kidole cha mwisho. Unapiga zote mbili kwenye kifundo kwa umbali uleule wa sentimita 14 na kulinganisha. Mkono ni mmoja, joto ni moja, urefu ni mmoja. Mediani ikichelewa zaidi ya milisekunde 0.4 nyuma ya mwenzake, baridi haiwezi kulaumiwa.

Utepe nao hukosea. Kwenye kiwiko, kipande kinachopimwa huwa kama sentimita 10, na kosa la sentimita moja ni asilimia 10 ya jibu, yaani mita 5 kwa sekunde kwa neva inayokwenda 50. Zaidi ya hapo, neva ya alna hulegea mkono ukinyooshwa, ikawa ndefu kuliko ngozi iliyo juu yake. Ukipima mkono umenyooka utaambiwa neva inakokota wakati haina kitu. Kiwiko kikunjwe kwa pembe ya digrii 70 hadi 90, kwa kupiga na kwa kupima, kisibadilishwe katikati.

Muda wa kupima pia huharibu kazi. Mgema aliyeanguka mnazi huko Malindi na mkono ukafa hapohapo, ukimpima kesho yake chini ya jeraha, wimbi litakuja zuri tu, kwa sababu ncha iliyokatika haijafa bado. Wimbi la msuli hupotea ndani ya juma moja, la hisia huchukua siku 10 au 11, na ule mtatariko wa sindano hungoja kama wiki tatu. Kumkimbiza mapema ni kununua jibu la uongo. Kinyume chake ni mtu ambaye miguu imelegea tangu juzi na ulegevu unapanda: huyu apelekwe hospitali kubwa leo kwa ajili ya pumzi yake. Kipimo katika siku za mwanzo kinaweza kuwa safi na kisimzuie mtu kuanza matibabu.

Wenye kisukari wanaolalamika nyayo zinawaka moto ni kundi jingine linalosafirishwa bila faida. Kipimo cha mwendo husoma nyuzi nene peke yake. Nyuzi nyembamba za maumivu na joto hazionekani humo kabisa. Pini ya kupima maumivu na chuma baridi cha kupima joto vitasema zaidi, na vinaingia mfukoni. Anayetumia dawa za kifua kikuu, ambazo mojawapo huweza kudhuru neva, aulizwe kama anapewa vitamini B6. Na kabla ya yote, neva iliyo nyuma ya kiwiko ipapaswe: ikiwa nene kama kamba na ngozi ina baka lisilohisi, fikiria ukoma.

Vipo vifaa vidogo vya kushika mkononi vinavyojipimia vyenyewe, na wengine wanapendekeza vipelekwe visiwani, mawimbi yasomwe na mtaalamu aliye mbali. Navuta miguu. Kifaa kitapiga umeme na kuandika namba, lakini hakitajua kwamba kimepiga chini ya nguvu inayotakiwa, wala kwamba mgonjwa huyu ana nyuzi zilizovuka kutoka mediani kwenda alna katika mkono wa mbele, jambo la maumbile la watu wasio wachache. Anayesoma wimbi bila kumwona mgonjwa hana njia ya kugeuza swali katikati ya kazi. Ultrasaundi naona ina nafasi zaidi, maana mashine zake zimeenea tayari: neva ya mediani iliyovimba kupita milimita 10 za mraba kwenye mlango wa kifundo inaunga mkono jedwali bila kumchoma mtu.

Kwa hiyo mshona kofia afungwe banzi kifundo kikiwa kimenyooka, alale nalo kwa wiki sita, na akikosa nafuu azungumziwe sindano ya dawa ndani ya kifundo. Asafiri akikonda gumba, dalili zikigongana, banzi na sindano vikishindwa na kisu kikikaribia, ama akiwa alishapasuliwa na ganzi ikarudi. Barua aliyobeba itaje kidole kwa kidole, tangu lini, msuli gani dhaifu, na swali moja linaloulizwa. Iandike kama anameza dawa ya kuyeyusha damu, kwa sababu ya sindano ya kipimo, na kama ana betri ya moyo. Na asubuhi ya kipimo asipake mafuta ya nazi mikononi. Elektrodi haishiki kwenye ngozi yenye mafuta, na mpimaji atapoteza nusu saa akifukuza mtetemo wa hetsi 50 wa umeme wa ukutani akidhani mashine imeharibika.