Mnara wa parachuti wa Coney Island: kuhamishwa kuliuokoa au kuliua mchezo wenyewe?

Wanaotaka ule mnara wa parachuti pale Coney Island, ufukwe wa Brooklyn jijini New York, upandishe watu tena nawaelewa kabisa, kitu kilichojengwa watu wapande halafu kimesimama tu na mataa, inauma. Lakini wengi wanadhani ulizaliwa hapo ufukweni, na si kweli.

James Strong, ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, alibuni minara ya kufundishia wanajeshi kuruka, akaona hata raia wanataka kujaribu, basi akaigeuza mchezo. Huu wa Coney Island ulisimamishwa kwanza kwenye maonyesho ya dunia ya 1939 kule Queens, sehemu nyingine ya jiji hilohilo. Mnakaa wawili kwenye kiti, kebo inawavuta juu karibu mita 76, mkifika kileleni mnaachiwa ghafla, parachuti inawashusha, chini springi zinawapokea. Maonyesho yakaisha 1940, familia ya Tilyou wenye Steeplechase Park, bustani ya michezo pale Coney Island, wakaununua dola 150,000, wakaufungua Coney Island 1941.

Sasa hapo ndo kwenye utata. Ungebaki Queens leo usingekuwepo, maana hata Trylon na Perisphere, zile alama kubwa za maonyesho yenyewe, zilibomolewa chuma kikaenda kutengenezea silaha. Ila kule ulikopelekwa kuna upepo wa bahari, na parachuti na upepo haviivi chungu kimoja, ukivuma mnafunga, na huku wafanyakazi wa kuuendesha ni wengi wote wanataka mshahara, faida itoke wapi? Bustani ikafungwa 1964.

Waliotaka ubomolewe nao siwabezi, chuma kinakula kutu juu ya vichwa vya watu na hela ya jiji ina kazi nyingine. Mwaka 1977 tume ya jiji ya kulinda majengo ya kihistoria iliutambua, miezi michache baadae bodi ya jiji ikaufuta utambuzi huo, mpaka 1989 ndo ukalindwa tena. Ukakarabatiwa, 2006 ukawekewa taa.

Mimi naona usirudishwe kazini. Kuufikisha kwenye viwango vya usalama vya leo ni hela nyingi sana, na ukimaliza kulipa upepo bado upo palepale, utafunga tu kama walivyokuwa wanafunga akina Tilyou. Hiyo hela iende kwenye rangi na kukagua vyuma, anaetaka kushuka na parachuti ajengewe mnara mwingine mbali na bahari.