Kwetu wanakuchuja, huku walinipima

Huu ni mwaka wangu wa 11 Leipzig, Ujerumani. Miaka 9 kati ya hiyo nilifanya kazi ya kutunza wazee: kuinua, kugeuza, kuogesha, hadi mgongo ukagoma. Daktari akaandika nisinyanyue tena kitu kizito. Mshauri wangu wa ajira alipoisoma ile barua, akanipangia siku ya kuonana na mwanasaikolojia.

Nilipompigia kaka yangu Mbalizi, kwetu Mbeya, Tanzania, kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya upole: "Mdogo wangu, ilianza lini?" Simlaumu. Kwetu ukimtaja mwanasaikolojia, mtu anawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kumbe ofisi za ajira za serikali ya Ujerumani zina wanasaikolojia wao wa kazi hii tu: kuangalia mtu mzima anaweza nini, anapenda nini, na afya yake inamruhusu nini. Hulipi hata senti. Unakalishwa mbele ya kompyuta, unapewa namba, maneno, na maumbo ya karatasi unayotakiwa kuyakunja kichwani yawe boksi. Mimi niliulizwa pia kama ningependa kazi ya bustani. Nikabonyeza hapana kabla swali halijaisha. Nimekulia Tukuyu jamani, kwenye mvua na utelezi, jembe begani kabla ya shule! Mmarekani John Holland aliyagawa mapendeleo ya watu ya kazi katika makundi 6, na maswali mengi ya aina hii yanafuata njia yake. Sijui kundi la mtoto wa kupalilia kahawa alfajiri ni lipi.

Kilichoniokoa ni mazungumzo ya baadaye. Yule mama mwanasaikolojia aliangalia majibu yangu akauliza mbona kazi zote za mikono nimezikataa, na kwenye maumbo ndiko nilikofanya vizuri kupita kote? Hapo nikamkumbuka shangazi yangu, fundi cherehani wa Mwanjelwa. Likizo alikuwa ananiachia kitenge na mkasi, bila chaki, nami nina miaka 13. Wateja wakishtuka anawaambia, "Mwacheni, huyu ana jicho." Nilimsimulia mwanasaikolojia hayo yote, akawa anaandika tu. Leo nasomea uchoraji wa ramani za majengo, mafunzo ya miaka 2, na darasani mimi ndiye bibi yao.

Yaani shangazi alishanipima zamani. Shida ni kwamba baada ya kidato cha nne nilipata daraja la nne, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza habari za jicho. Mtihani kwetu ni chekecheke: unapita au unabaki, na ukibaki, hayo matokeo utatembea nayo hadi uzeeni. Wakati Alfred Binet alipotengeneza kipimo chake Paris mwaka 1905, alikuwa anatafuta watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani. Sisi tukipima ni kwa ajili ya kupunguza foleni.

Nisiwasifie Wajerumani kupita kiasi. Huku bila karatasi huaminiki hata ukifanya kazi mbele ya macho yao, na shangazi yangu asingeonyesha cheti chochote. Kwa hilo nawasifu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi kule nyumbani, kwa sababu wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani kwa kazi ya mikono yake, wakamwongezea pale alipopungukiwa, kisha wakampa cheti. Ningekuwa na sauti ningeomba waongeze kitu kimoja tu: kiti, na mtu aliyesomea wa kukaa na mtu mzima saa nzima akimuuliza maswali. Kompyuta zibaki hukohuko Leipzig.

Jumapili nilimweleza kaka hayo ya VETA. Anachomelea mageti tangu ujana wake na hana cheti hata kimoja. Nilidhani atafurahi.

"Kuchomelea najua," akasema. "Mimi nakuuliza hivi: macho yameanza kuwasha kila jioni. Yakikataa kabisa, mtu wa miaka 46 hapa Mbeya anaenda kwa nani kuambiwa anaweza kazi gani nyingine?"

Ikawa zamu yangu ya kunyamaza.