Acheni kuwacheka vibonde wa hoki ya barafu

Kila mwaka ukifika msimu wa kombe la dunia la hoki ya barafu, namaanisha zile divisheni za chini ambazo hata kwenye habari hazitajwi, lazima mtu atatuma picha ya matokeo ya kipigo kikubwa, alafu chini yake watu wanacheka tu. Mi inaniuma kweli, manake wengi wanaocheka hawajawahi kuangalia hata mechi moja ya huko chini.

Wanaopendwa zaidi kutajwa ni Thailand. Mwaka 1998, mashindano ya vijana chini ya miaka 18 ya Asia na Oceania, walifungwa na Korea Kusini 92 kwa 0. Mechi ya hoki ni dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20, kwahiyo piga hesabu, ni zaidi ya goli moja na nusu kila dakika. Watu wakiona namba hiyo wanaishia hapo. Mi namfikiria golikipa, mtoto wa shule yule, kila baada ya sekunde kama 40 anaokota kisahani (ndo mpira wa hoki ya barafu) wavuni na bado anasimama tena anainamia gongo lake anasubiri kingine. Na hao hao Thailand hawakuacha, siku hizi timu yao ya wakubwa inacheza kombe la dunia kwenye divisheni za chini kama nchi nyingine yoyote, ila hiyo sehemu hakuna anayeisambaza.

Mfumo wenyewe ni mzuri kuliko watu wanavyodhani. Juu kuna timu 16, chini yake divisheni ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka ya nne, makundi mengi ni ya timu sita, mnakutana wote ndani ya wiki moja hivi, wa kwanza anapanda na wa mwisho anashuka. Ndo maana vipigo vya ajabu vimepungua, unacheza na wa saizi yako, na siku ya mwisho ya kundi mara nyingi unakuta mechi ya kufa na kupona kati ya timu mbili ambazo wachezaji wake wana kazi zao za kawaida na wamechukua likizo kuja kucheza.

Na ngazi hii inapandika kweli. Uingereza 2017 walikuwa divisheni ya kwanza kundi B, lililo chini ya kundi A, yaani ngazi ya tatu kutoka juu, wakapanda. 2018 kule Budapest walikuwa nyuma dhidi ya Hungary, sekunde kama 15 zimebaki, Robert Farmer akasawazisha, wakapanda tena. 2019 wako juu na wakubwa, wameshapigwa kila mechi, mechi ya mwisho na Ufaransa kule Košice anayefungwa anashuka, wakawa nyuma 3 kwa 0 wakarudisha zote na Ben Davies akamaliza kazi muda wa nyongeza, 4 kwa 3. Niambie fainali gani ya wakubwa ina presha kama hiyo.

Sasa tatizo lenyewe la nchi changa, kwa maoni yangu, sio kipaji wala pesa za jezi, ni barafu. Tena sio kuwa na uwanja tu, ni masaa ya barafu. Unakuta nchi nzima ina uwanja mmoja, mchana wamepewa wanaokuja kuteleza kujifurahisha manake ndo wanaolipa umeme wa kugandisha, timu ya taifa inaingia usiku wa manane. Kuna timu imezoea uwanja mdogo wa ndani ya jengo la maduka, ikienda mashindanoni inakuta uwanja wa mita 60 kwa 30, wanakata pumzi kipindi cha pili, utawalaumu?

Kuna njia ya mkato ya kuwapa uraia wachezaji wa nje. Korea Kusini walifanya hivyo kujiandaa na olimpiki ya 2018, wakaongeza Wakanada, wakapanda mpaka ngazi ya juu kabisa, na mwaka huo huo wa 2018 wakapoteza mechi zote wakashuka. Siwalaumu, walikuwa wenyeji wa olimpiki na walitaka heshima, ila ningekuwa na sauti hizo nguvu zote ningezipeleka kwa watoto wa miaka sita na masaa ya barafu, hata kama matunda yatachukua miaka 15.

Mfano wangu ni wanawake wa India. Wengi wao wanatoka Ladakh, juu milimani zaidi ya mita 3,000, wanacheza kwenye maji yaliyoganda yenyewe, miezi miwili hivi ya baridi kali alafu barafu imeyeyuka basi. Kwenda mashindanoni ilibidi wachangiwe na watu mtandaoni. 2016 ndo mara yao ya kwanza kucheza kimataifa, wakafungwa, mwaka uliofuata wakarudi na kuwafunga Ufilipino 4 kwa 3, ushindi wao wa kwanza kabisa katika historia, na walilia pale pale uwanjani. Mechi hiyo ilichezwa Bangkok, nchi ile ile ya wale watoto wa 92 kwa 0, sasa ndo wenyeji.