Pawatila kwenye lami: tuanzie kwa fundi wa tela

Mwambie mkulima wa mpunga wa Igurusi au Ubaruku, huku Mbarali kwenye bonde la Usangu, kwamba pawatila yake, lile trekta dogo la magurudumu mawili, ikipanda lami inapaswa kuwa na taa, breki, namba na dereva mwenye leseni, naye ataanza kukuhesabia tozo alizokwisha kulipa tangu msimu uanze. Kwake "usalama barabarani" ni trafiki aliyesimama mbele na siku ya kazi iliyoharibika. Simlaumu. Ila katika mvutano huu nadhani wanaotaka kanuni ndio walioeleweka vibaya, na sehemu ya kosa ni yao, maana wameshika jambo hili kwa mkiani.

Hoja ya mkulima inajisimamia yenyewe. Pawatila ziliingia kwa wingi wakati wa kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza, kuanzia mwaka 2009, zikisifiwa majukwaani kwamba zitamtua mkulima jembe la mkono. Lakini kulima ni kazi ya wiki chache, na mashine ya mamilioni haiwezi kulala bandani miezi yote inayobaki. Ikafungiwa tela. Leo ndiyo inayotoa mpunga jarubani hadi kwenye mashine ya kukoboa, inapeleka vibarua asubuhi, inabeba matofali, mchanga na maji, na usiku wa dharura inampeleka mama mjamzito kituo cha afya. Fuso halishuki kule. Barabara kuu ya kwenda Tunduma nayo imepita katikati ya makazi na mashamba, hivyo hata anayetaka kuikwepa lami mara nyingi hana pa kupita. Ukipiga marufuku bila kumwonyesha njia nyingine, umemwambia aache mpunga uoze.

Hayo yote ni kweli, na bado chombo hiki kina hatari ambayo wengi wanaokipanda juu ya magunia hawaijui.

Pawatila haina usukani. Dereva anakaa mbele ya tela, ameshika mipini miwili, na kila mpini una klachi ya upande wake. Ukiminya ya kushoto, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu ya injini, la kulia linaendelea kusukuma, mashine inakata kushoto. Kijana anajifunza hilo asubuhi moja. Sasa ipeleke mteremkoni, nyuma kuna tela la magunia linalosukuma. Hapo injini haivuti tena, inazuia. Ukiminya klachi ya kushoto, umelifungulia gurudumu la kushoto. Linakimbia kuliko la kulia, na mashine inakata kulia. Mkono uleule, klachi ileile, inakupeleka upande wa pili. Huo si ubovu wa kupeleka gereji. Ndivyo mashine ilivyoundwa, hata ikiwa mpya kabisa. Anayeijua tabia hiyo huweka gia ndogo kabla hajaanza kushuka, kisha huisukuma mipini kwa nguvu za mikono bila kugusa klachi. Asiyejua hukutana nayo mara ya kwanza akiwa na watu nyuma, na kadiri anavyoogopa ndivyo anavyozidi kuminya.

Nimeling'ang'ania hili kwa sababu vijiweni jibu ni moja: inakwenda taratibu, itamuua nani? Utambarare wa Usangu umetuficha mengi. Lakini mashine hizi hazikai Usangu tu, na Iringa na Njombe si tambarare. Hata Mbarali kwenyewe, anayeshuka ukingo wa mfereji au tuta la lami na mzigo yuko mteremkoni kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha. Huko kwenda taratibu nako ni hatari ya pili: chombo cha kama kilomita 15 kwa saa, bila taa ya nyuma, saa moja na nusu usiku, mbele ya lori la shaba linalotoka Tunduma. Dereva wa lori haoni tela. Anaona giza, kisha anaona magunia.

Wenzetu wamepitia mvutano wa namna hii. Australia walikuwa na pikipiki za magurudumu manne za mashambani, ambazo zikipinduka humlalia dereva. Kiwango cha lazima cha mwaka 2019 kikamgeukia muuzaji: tangu Oktoba 2021 pikipiki mpya za kawaida za aina hiyo haziuzwi bila kifaa cha kumkinga dereva zinapopinduka. Watengenezaji wakubwa walipinga, na baadhi wakaacha kabisa kuziuza huko. Kwa hiyo kanuni ina gharama, tusidanganyane. Marekani nako, mwaka 1988, makampuni yalikubaliana na serikali kuacha kuuza zile za magurudumu matatu. Kote kuwili sheria ilikutana na chombo dukani, kabla hakijafika kwa mkulima.

Sisi tunakingoja barabarani. Hilo ndilo kosa. Tela letu linachomelewa mtaani: vyuma, ekseli kuukuu, tairi mbili. Breki ya mguu kwenye tela ndiyo tegemeo la chombo kizima, maana pawatila yenyewe haiwezi kuuzuia mzigo wote ule, lakini breki hiyo huwekwa mteja akiilipia. Mafundi wa tela ni wachache kuliko madereva na wanajulikana walipo. Sheria ndogo ya halmashauri ingeweza kusema tela jipya lisitoke kwa fundi bila breki na vibao vya kuakisi mwanga nyuma na ubavuni. Muuzaji wa pawatila naye asiitoe kabla mnunuzi hajaishusha mteremkoni ikiwa na tela lenye mzigo, mwalimu akiwa pembeni. Leseni ije baada ya hapo, itolewe hukohuko vijijini, maana kumtoa mtu Madibira hadi Mbeya mjini kwa ajili ya karatasi ni kumfundisha njia za kukwepa.

Matela yaliyopo tayari yapewe msimu mzima wa mavuno kabla faini haijaanza, na kupitia skimu za umwagiliaji, ambako wakulima wanalipa ada zao, vibao vya kuakisi vinaweza kununuliwa kwa pamoja.

Kubeba watu ndiko kunakonipa taabu. Vibarua hawana daladala ya kwenda jarubani. Tela tupu lenye kingo na benchi, mchana, njia ya shambani, ningeliruhusu. Juu ya magunia, hapana, hata kama ni kuvuka lami tu.