Vyuo vya Kanisa India Vinadaiwa na Wadalit

Kanisani kwetu hapa Dar es Salaam tulimkaribisha mgeni kutoka India azungumze kwenye kongamano la vijana. Msomi hasa, na mpole. Kijana mmoja akasimama kumuuliza kuhusu matabaka ya kuzaliwa, Wakristo wa kule wanaishi nayo vipi. Mgeni akajibu kwamba hayo ni mambo ya Wahindu. Chuo cha Kikristo alichosoma yeye kilimpima mtu kwa uwezo wake tu, na hakuna aliyejua mwenzake katoka tabaka gani. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nilitoka nje damu ikinichemka, na hadi leo sijapoa.

Nimesoma kusini mwa India, Tamil Nadu, katika chuo cha kanisa. Niliyelala naye chumba kimoja hosteli alikuwa Mdalit, yaani wa watu wa chini kabisa waliokuwa wakiitwa wasioguswa, familia yao Wakristo tangu kwa babu, baba yake mfagiaji katika hospitali ya misheni. Ni kweli hakuna aliyemuuliza tabaka lake. Walimuuliza anatoka kijiji gani, halafu upande gani wa kijiji. Hapo imekwisha. Wadalit wana makazi yao pembeni, nje ya kijiji chenyewe, na ukitaja unakokaa umeshajitaja wewe na ukoo wako wote. Baada ya maswali hayo mawili nilikuwa nawaona watu wanavyopunguza maneno.

Kabla ya kuja pale alikuwa ameomba chuo kingine cha kanisa, chenye jina kubwa zaidi. Alama alikuwa nazo. Wakamwita kwenye usaili, wakamuuliza likizo huwa anafanya nini. Akasema ukweli, kwa Kiingereza cha kuungaunga kwa sababu alisoma kwa Kitamil tangu darasa la kwanza: huwa anakwenda na mama yake kuvuna mpunga kwenye mashamba ya watu. Wakamshukuru. Majina yalipobandikwa, lake halikuwemo. Alinisimulia hayo usiku mmoja umeme umekatika, bila uchungu wowote, na mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Sasa mtu aje kuniambia juu ya uwezo.

Mambo haya yana mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ulipangwa. Alexander Duff, mmisionari wa Kiskoti, alipofungua shule yake Kolkata mwaka 1830 aliwalenga vijana wa matabaka ya juu, akiamini kwamba wakielimika wao, Injili na elimu vitashuka vyenyewe hadi kwa walio chini. William Miller akaikuza kazi ya namna hiyo Madras, siku hizi Chennai. Mwaka 1881 wamisionari waliotoka Cambridge wakaanzisha chuo cha St. Stephen's huko Delhi, na madarasa yake yakajaa vijana wa familia zenye nafasi, wengi wao si Wakristo kabisa. Chuo hicho kimemsomesha Zia-ul-Haq aliyekuja kuitawala Pakistan na Fakhruddin Ali Ahmed aliyekuwa rais wa India. Ukitaka kujua nguvu zinakopikwa katika nchi ile, anzia hapo.

Lakini waliokuwa wakimiminika kubatizwa walikuwa watu wengine kabisa. Mwaka 1873, upande wa Sialkot katika Punjab, mtu mmoja aitwaye Ditt, maskini anayeishi kwa kuuza ngozi, alibatizwa na wamisionari wa Kipresbiteri. Walitaka abaki nao wamfundishe. Yeye akataka kurudi kijijini kwake. Akarudi, akawaleta mkewe na jamaa zake, na nyuma yao wakaja maelfu kwa maelfu ya wafagiaji na vibarua. Kusini ikawa vivyo hivyo. Watu hawa ndio waliolijaza kanisa la India, na leo Wadalit pamoja na Waadivasi, yaani watu wa makabila ya asili, ni zaidi ya nusu ya Wakristo wa nchi hiyo. Wao walipewa shule za kijiji za darasa moja. Vyuo vyenye maktaba na viwanja vya kriketi vilikwishajengwa kwa ajili ya wengine.

Ndiyo maana suala la Ibara ya 30 ya Katiba ya India linanikera kuliko yote. Ibara hiyo inayapa makundi madogo ya dini haki ya kuanzisha na kuendesha shule na vyuo vyao. Mwaka 1991 St. Stephen's ilikwenda nayo mbele ya Mahakama ya Juu ikashinda: ikaruhusiwa kuendelea na usaili wake na kuwatengea Wakristo nafasi hadi nusu. Halafu Katiba iliporekebishwa ili hata vyuo binafsi viweze kulazimishwa kutenga nafasi za Wadalit, Waadivasi na matabaka mengine ya chini, Ibara ya 15(5) ikaviacha nje vyuo vya makundi hayo ya dini. Vyuo vya serikali kuu vinatenga asilimia 15 kwa Wadalit na 7.5 kwa Waadivasi. Chuo cha kanisa hakibanwi. Sasa fikirini uhuru huo umetoka wapi. Umetoka kwenye kuwapo kwa Wakristo, na Wakristo wenyewe, kwa wingi wao, ni watoto wa kina Ditt. Haki inaombwa kwa jina lao. Kiti kinapopatikana, anakikalia mtoto wa askofu, wa daktari, wa ukoo wa Kisiria, Wakristo wa kale wa Kerala, unaojisifu kwamba mababu zake walikuwa Wabrahmin, tabaka la juu kabisa, waliobatizwa na Mtume Tomaso. Nao ni Wakristo, siwakatalii. Lakini hawakuhitaji kushikwa mkono.

Mdalit Mkristo akigeukia serikali anakuta mlango nao umefungwa. Agizo la Rais la mwaka 1950 lilisema anayehesabiwa katika matabaka yaliyoorodheshwa, yale ya Wadalit yanayotengewa nafasi na misaada ya serikali, ni Mhindu pekee. Masingasinga wakaongezwa 1956, Wabudha 1990. Wakristo na Waislamu bado wako nje. Kulikuwa na fundi viatu wa Madras, Soosai, aliyekuwa akishona viatu kando ya barabara. Serikali ikaanza kugawa vibanda vya bure kwa mafundi kama yeye. Wenzake Wahindu wa tabaka lilelile wakapewa, yeye akanyimwa kwa kuwa alibatizwa. Akafika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1985 akashindwa: alitakiwa kuthibitisha kwamba dhiki za tabaka lake zimemfuata hadi ndani ya Ukristo. Mtu anakaa chini barabarani na sindano yake, amezungukwa na viatu vya watu, anaambiwa alete ushahidi! Mwaka 2007 tume ya serikali iliyoongozwa na Ranganath Misra ilishauri suala la dini liondolewe katika orodha hiyo. Ushauri umekaa kabatini. Rafiki yangu yule wa hosteli, cheti chake cha tabaka cha Tamil Nadu kilimweka kundi moja na matabaka yenye mashamba, biashara na wabunge, akagombee nafasi nao hao.

Kwa hiyo serikali inamwambia Ukristo hauna matabaka, na chuo cha kanisa kinamwambia sheria ya matabaka haikihusu. Na pale Tiruchirappalli makaburi ya Wakatoliki yana ukuta katikati, Wadalit upande wao. Hata waliovuka bahari walivuka na matabaka yao: Wagoa, watu wa Goa ya India, waliokuwa Nairobi enzi za mkoloni, Wakatoliki wote, mafundi cherehani walikuwa na klabu yao na wakubwa na yao.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba huu si wakati wa kuvisema vyuo vya kanisa, kwa sababu wanaotaka kuvibana wanaongozwa na siasa za Uhindu na si huruma kwa Wadalit. Nakubali kwamba wapo, na nakubali kwamba hawalitakii kanisa mema. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Delhi kilipoitaka St. Stephen's iwachukue wasio Wakristo kwa alama za mtihani wa taifa peke yake, na Mahakama Kuu ya Delhi ikakubaliana nacho, huku ikikiachia chuo usaili kwa waombaji Wakristo, sikuona pande hizo mbili zikimpigania mtoto wa mfagiaji. Mtihani wenyewe nao unawapendelea wenye fedha za tuisheni. Lakini nendeni Kandhamal, Odisha, muone nani alilipa gharama ya kuitwa Mkristo. Agosti 2008 nyumba na makanisa yalichomwa, watu wakakimbilia msituni na watoto mgongoni, na wengi wao walikuwa Wadalit wa jamii ya Wapana pamoja na Waadivasi. Wao ndio wanaopigwa kwa ajili ya jina hilo, kisha mtu anawaambia wasubiri kwanza, wasije wakakiaibisha chuo ambacho watoto wao hawaingii!

Wapo waliojaribu. Chuo cha udaktari cha Vellore, kazi aliyoianza Ida Scudder mwaka 1900, kwa miaka mingi kimechukua vijana waliodhaminiwa na makanisa yao kwa ahadi ya kurudi kutumikia hospitali za misheni. Wajesuiti wa Loyola pale Chennai wamewapa Wakatoliki Wadalit kipaumbele na wakatukanwa kwa hilo. Hata St. Stephen's mwaka 2007 ilipoongeza nafasi za Wakristo ilitenga fungu kwa Wadalit Wakristo, na kelele zilizopigwa na waliowahi kusoma pale, kwamba kiwango cha chuo kitashuka, zilinionyesha ni akina nani wanaodhani chuo ni chao. Kwa hiyo inawezekana, na sheria iliyopo haizuii. Uhuru wa Ibara ya 30 unamruhusu mkuu wa chuo kesho asubuhi kuanza na mtoto wa kibarua.

Ninachotaka ni hiki. Kila chuo cha kanisa kinachotumia ibara hiyo kibandike kila mwaka, pale pale penye majina ya waliochaguliwa: kati ya Wakristo tuliowachukua, Wadalit ni wangapi, Waadivasi wangapi, wa kwanza kusoma chuo katika familia zao wangapi. Usaili ufanywe kwa lugha aliyosomea mtoto, na kwenye meza ya wasaili akae mtu aliyewahi kuvuna mpunga wa wengine. Na makanisa ya kwetu yanayopokea wageni na kubadilishana wanafunzi na vyuo hivyo yaziombe takwimu hizo kwa barua, kabla ya kutia saini jambo jingine lolote.